Sabuni ya Bonana: toka sanduku la pembe la mfalme mpaka kalibu ya mama



Desemba imeingia. Mvua inanyesha karibu kila jioni, njia za Katuba na Kenya zimejaa matope, na sokoni watoto wanavuta mama zao kwa mkono kuelekea meza za nguo. Kila nyumba inawaza jambo moja: Bonana itatukuta namna gani?

Kati ya meza za nyanya na kapenta nimeona tena kitu ambacho kila mwisho wa mwaka kinarudi. Ni sabuni zisizo na jina la kiwanda. Nyingine ni za duara, nyingine zina umbo la nyota au la moyo, zimefungwa tatutatu kwa utepe mwekundu. Akina mama wamezitengeneza nyumbani, wakazimwaga ndani ya kalibu, au mule kama wengi wetu tunavyosema, na sasa wanaziuza kama zawadi ya Noeli na Bonana.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu yangu alicheka. Aliuliza tangu lini sabuni ikawa zawadi. Swali lake ni zuri kuliko alivyofikiri. Nataka kulijibu leo, maana katika nchi hii sabuni ina historia ndefu, na historia hiyo ilianza kweli kwa zawadi.

Sabuni iliyopewa mfalme

Tarehe 14 Aprili 1911, serikali ya Ubelgiji ilisaini mkataba na William Lever, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na kiwanda kikubwa cha sabuni kule Port Sunlight. Lever alitafuta mafuta ya ngazi, yale ambayo ndugu zetu wa Kivu wanayaita mawese, kwa sababu bila mafuta hakuna sabuni. Wabelgiji wakampa maeneo matano ya Kongo ambamo angeweza kujipatia mpaka hekta 750,000 za ardhi. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na kituo chake cha Kwilu kikaitwa Leverville. Leo ni Lusanga.

Mwaka uliofuata, 1912, mafuta ya kwanza yalifika Ulaya, yakageuzwa kuwa sabuni. Sabuni hiyo ya kwanza ya mafuta ya Kongo haikuuzwa. Iliwekwa ndani ya kisanduku cha pembe ya ndovu na kupewa mfalme Albert wa Ubelgiji kama zawadi. Huyu ndiye mfalme ambaye mke wake, Elisabeth, alipewa mji wetu kama jina: Élisabethville, uliozaliwa mwaka 1910 na ulioitwa hivyo mpaka 1966.

Mafuta yalitoka Kongo, na pembe ni kitu cha Kongo tangu zamani. Mikono iliyopanda juu ya mingazi na kukata mikungu ilikuwa ya watu wa Kwilu. Lakini hakuna aliyefikiri kumpelekea mkata ngazi sabuni ndani ya kisanduku. Mwaka 1931, Wapende walipoasi kodi na kazi ya kulazimishwa ya kukata ngazi, walijibiwa kwa risasi, na mamia waliuawa. Tunapoinua kipande cha sabuni, tukumbuke kwamba kina na upande huo.

Kabla ya kiwanda: majivu, na kalibu ya shaba

Tusifikiri kwamba kabla ya Lever watu wetu hawakujua kujisafisha. Katika sehemu nyingi za Kongo akina bibi walichoma maganda ya ndizi au mabua, wakachuja maji kwenye majivu, wakapata maji makali yanayokata mafuta. Ukiyapika pamoja na mafuta ya ngazi, unapata sabuni. Sabuni ile ni laini kama uji mzito, kwa sababu chumvi ya majivu haitoi sabuni ngumu. Huwezi kuimwaga katika kalibu na kuitoa ikiwa na sura. Unaichota kwa vidole.

Ili sabuni isimame, inahitaji soda. Na soda ya rahisi ilikuja na viwanda vya Ulaya: kwanza Mfaransa Nicolas Leblanc, mwisho wa karne ya 18, halafu Mbelgiji Ernest Solvay katika miaka ya 1860, ambaye njia yake ilishusha bei sana. Ndiyo sababu sabuni ngumu, ile ya mche mrefu unaokatwa vipande, ilitufikia kama kitu cha dukani, kitu cha mzungu.

Lakini kazi yenyewe ya kumwaga kitu cha moto ndani ya kalibu, Katanga iliijua zamani sana. Wayeyushaji wetu, wale walioitwa wakula mukuba, waliyeyusha mawe ya kijani ya shaba na kuimwaga katika kalibu zenye umbo la msalaba. Wachimbaji waliofungua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, walikuta misalaba hiyo juu ya mifupa ya watu waliozikwa karne nyingi kabla ya Mbelgiji wa kwanza kufika. Ilikuwa pesa. Ilikuwa pia mali ya kuolea: familia moja inaipa nyingine ili watu wawe ndugu. Kwa hiyo mtu wa Katanga anayemwaga kitu katika kalibu ili akitoe kama zawadi haigi mtu yeyote. Anarudia jambo la babu zake, ila kwa mafuta badala ya shaba.

Mji wa kampuni

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kwamba mfanyakazi akae na mke na watoto ndani ya kambi. Ikajenga nyumba, ikafungua hospitali na masomo, na kila juma ikagawa posho. Wazee wetu wanasema kampuni ilikuwa baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alilichukua wazo hilo hata katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi, Bana Shaba, watoto wa Shaba walioachiwa baba yao.

Usafi ulikuwa neno kubwa la wakati ule. Kwa jina la usafi walitenga mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika, wakiacha uwanja mtupu katikati. Kwa jina la usafi waliingia nyumba za watu kukagua. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, akina mama walifundishwa katika foyer social kushona, kupika, kufua na kupiga pasi. Walifundishwa kutumia sabuni. Kuitengeneza hawakufundishwa. Sabuni ilikuwa kitu cha kupokea au kununua.

Na zawadi pia ilikuwa kitu cha kupokea. Wakati wa Saint-Nicolas, tarehe 6 Desemba, watoto wa kambi walipanga mustari na kupewa kitu. Baada ya 1967, Gécamines ilipochukua nafasi ya Union Minière, maisha ya kambi yaliendelea hivyo. Mwisho wa mwaka ulitoka juu, kwa kampuni, ukashuka kwa baba, halafu kwa mama na watoto.

Siku kampuni ilipoanguka

Mimi nilikulia Likasi. Nilikuwa mtoto wakati mambo yalipoharibika, na wenzangu wa umri wangu wanajua ninachosema. Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka kule Kolwezi. Oktoba 1991, Lubumbashi iliporwa. Shaba, ambayo katika miaka ya 1980 ilipita tani 400,000 kwa mwaka, mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikawa hadithi. Posho ikapungua, halafu ikaisha.

Na katikati ya njaa hiyo, tangu Agosti na Septemba 1992, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Watu waliozaliwa pale, walioolewa pale, waliozika wazazi wao pale. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye gare na ndani ya masomo wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni ilikuja inapotaka. Wengine walingoja miezi.

Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa mmoja wao. Mama yake na mama yangu walichota maji bomba moja kwa miaka kumi. Septemba ile waliondoka usiku, na tulipoamka nyumba yao ilikuwa haina mlango.

Mama yangu alikuwa ameanza kujaribu sabuni. Aliyemfundisha ni mtu aliyewahi kutumika katika maabara. Kipimo cha kwanza alikosea: soda ilizidi, sabuni ikatoka nyeupe kama chokaa na kupasuka, na ilimchubua vidole mpaka alishindwa kukanda bukari siku tatu. Mara ya pili ilikubali. Kalibu yake ilikuwa katoni ya maziwa aliyoiokota.

Siku ya Bonana ya 1993 hatukuwa na nguo mpya wala kuku. Mama alichukua vipande vinne vya sabuni, akavifunga katika kipande cha kitenge, akanishika mkono, tukaenda gare. Tulitembea kati ya maturubai na masufuria mpaka tulipowapata. Mama hakutoa hotuba. Alisema tu, "Bonana, ndugu yangu. Muoshe watoto." Mama yule alinusa sabuni, akalia. Na mimi, mtoto, sikuelewa kwa nini mtu analia juu ya sabuni.

Sasa naelewa. Miezi mitatu watu wale waliitwa uchafu. Yule aliyewaletea sabuni hakuwaambia kwamba ni wachafu. Aliwaambia: mimi najua ninyi ni watu wa nyumbani, mnaooga, mnaofua, mnaopokea wageni. Na alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, katika mwezi ambao hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Tangu mwaka ule, nyumbani kwetu sabuni ni zawadi ya Bonana. Ndiyo jibu langu kwa kijana wa sokoni.

Kazi iliyobaki mikononi mwa akina mama

Jambo hilo halikuwa la nyumba yetu peke yake. Miaka ile akina mama wengi wa Katanga waligeukia biashara ndogo ndogo: maandazi, makala, unga, sabuni. Mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, mama ndiye aliyekuwa akishikilia nyumba tayari.

Kazi ya sabuni hapa kwetu ina ugumu wake. Lubumbashi iko kwenye mita karibu 1,200 juu ya bahari, na kiangazi ni kirefu, toka Mei mpaka Septemba. Mungazi haupendi hali hiyo. Mafuta yetu yanatoka mbali, Kasai na kaskazini ya Katanga ya zamani, kwa treni au kwa lori, na barabara ikikatika bei inapanda. Soda na mafuta mengine yanapita Kasumbalesa. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache, kila mfanyabiashara mdogo aliona jinsi maisha yetu yanavyoning'inia kwenye lango moja.

Kwa anayetaka kujaribu

Wengi mmeniomba kipimo, nami nakitoa, lakini kwanza onyo. Soda kostiki inachoma ngozi, inapofusha macho, na mtoto akiimeza inamharibu koo kwa maisha yake yote. Usiiweke kamwe ndani ya chupa ya maji au ya limonadi. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje au dirishani, watoto wakiwa mbali. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, halafu nenda hospitali kama imeingia jichoni.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya ngazi: soda kostiki gramu 135, na maji gramu 330. Pima kwa mizani, hata mafuta. Kijiko na kopo vinadanganya, ndivyo mama yangu alivyochubuka. Soda iliyokaa wazi imevuta unyevu na nguvu yake imepungua, kwa hiyo nunua ile iliyofungwa vizuri.

Mwaga soda ndani ya maji, polepole, ukikoroga. Usimwage maji juu ya soda, yataruka. Maji yatapata moto yenyewe, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mafuta nayo yawe vuguvugu, yameyeyuka yote. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aluminiamu usiguse, soda inaila. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta, koroga bila kuchoka mpaka mchanganyiko unakuwa mzito kama uji wa mtoto na kijiko kinaacha alama juu yake.

Hapo ndipo unamwaga katika kalibu. Katoni ya maziwa inafaa, kikombe cha yaourt, bidoni iliyokatwa, bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, au sanduku la mbao ulilotandika karatasi ya plastiki. Siku hizi kuna kalibu laini za keki, zenye maua na nyota, na sabuni inatoka ndani bila kushikamana. Anayetaka harufu atie majani ya mchaichai yaliyokaushwa na kusagwa. Anayetaka rangi nyepesi atie kijiko cha pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu ni alama ya baraka.

Funika, acha siku moja au mbili. Toa kwenye kalibu ukiwa bado na glavu, kata, panga vipande mahali pakavu, hewa ipite. Na sasa ngoja wiki nne. Katika wiki hizo soda inamaliza kazi yake, maji yanatoka na sabuni inakuwa ngumu. Ukiitoa mbichi, utampa mtu zawadi ya kumwasha ngozi. Kilo moja ya mafuta inakupa vipande karibu kumi na viwili vya gramu 100.

Hesabuni basi. Kwa Noeli tumekwisha chelewa. Kwa Bonana, anayemwaga katika siku hizi za kwanza za Desemba atafika kwa wakati. Anayengoja katikati ya mwezi atafanya sabuni ya Januari.

Kwa wale walio mbali na nyumba

Najua baadhi yenu mnaosoma habari hii hamko kwenu. Wengine mlitoka Mitwaba au Pweto wakati wa vita ya Mai-Mai na mkabaki hapa. Wengine mlikimbia Kasai mwaka 2016 na 2017. Wengine mmefika kutoka Goma na Bukavu baada ya miji hiyo kuchukuliwa mwanzo wa 2025. Mmezoea kupokea sabuni: kipande kimoja kwa mtu, jina lako linaitwa, unaweka alama ya kidole. Ni msaada, na katika mji ambao kolera ilitupiga mwaka 2008 na tena 2013, na inayopenda kurudi na mvua, msaada huo unaokoa maisha. Asante kwa wanaoutoa.

Lakini kupokea tu kunachosha moyo. Babu zetu wa kambi walilijua hilo: siku mkono unaotoa ulipofungwa, hawakubaki na kitu. Mtu anahitaji pia kutoa. Mkiwa wanne au watano, mkachanga franka za lita moja ya mafuta na soda kidogo, mkapata mizani ya kuazima, mnaweza kuwa na kitu cha kupeleka kwa jirani siku ya kwanza ya mwaka. Na jirani huyo, hata awe mwenyeji mwenye parsele na nyumba ya matofali, atalazimika kukaa chini, kunusa, na kusema asante kwenu.

Mfalme alipewa sabuni yake ndani ya pembe ya ndovu, na sijui kama aliwahi kuoga nayo. Ile ya kitenge, ya gare ya Likasi, ilitumika ikaisha. Miaka ishirini baadaye mtu alibisha kwetu hapa Lubumbashi, mama mzee, akitokea Mwene-Ditu kwa treni. Alikuwa ameleta bidoni ya lita tano ya mafuta ya ngazi. Akamwambia mama yangu, "Tengeneza nyingine."

Bonana njema kwenu nyote.